Kikale cha Bweranyange

1. Kilima na Nchi Yake

Nchi ya Karagwe iko magharibi ya ziwa Victoria Nyanza. Mto Kagera huizunguka upande wa magharibi na upande wa kaskazini, na ng'ambo ya mto ni nchi za Rwanda na Uganda. Ni nchi ya vilima virefu vyenye migongo ya majani, na mabonde yenye maji, na migomba mingi. Siku hizi nchi hiyo imegawanywa katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, kwa kuwa mwaka 2012 Kyerwa ilifanywa wilaya peke yake. Lakini hapo zamani zote zilikuwa milki ya mfalme mmoja, aliyeitwa Mukama, na watu wake ndio Wanyambo.

Mji wa Mukama ulikuwa Bweranyange. Mtu akisimama leo juu ya kilima cha Bweranyange haoni ukuta wala mnara. Aona majani, na mashamba, na chini bondeni aona maji yakimetameta. Mgeni asiyejua habari zake aweza kupita mahali pale bila kugeuza shingo. Walakini karne moja na nusu iliyopita habari za kilima hiki zilijulikana Unguja, na Tabora, na hata London. Kwa maana hapo palikuwa na kikale, yaani makao ya mfalme.

Masimulizi ya wazee yasema kwamba kwanza nchi ilitawaliwa na Nono, wa ukoo wa Wasita. Kisha akaja Ruhinda, ambaye husemwa kuwa mwana wa Wamara, mkuu wa Wachwezi, na mama yake ni Njunaki. Ruhinda akautwaa ufalme, na wazao wake, Wahinda, wakatawala Karagwe na nchi nyingine nyingi za jirani, kama Nkore, Ihangiro na Buzinza. Mwanahistoria Israel Katoke, aliyetoa kitabu cha habari za Karagwe mwaka 1975, aliuhesabu ufalme huo tangu karibu na mwaka 1400 mpaka mwaka 1915.

2. Nyumba za Wafalme wa Mahali Pengine

Ni vema kukumbuka mambo yaliyokuwa yakitendeka katika nchi nyingine wakati Wahinda walipokuwa wakitawala. Karne za 15 na 16 zilikuwa wakati wa mwamko wa elimu na ufundi katika Ulaya. Wajenzi wa Italia walisoma tena majengo ya Warumi wa kale, wakapima nguzo na matao yao, wakatafuta kanuni za uzuri katika hesabu. Wafalme na matajiri wakataka nyumba za namna hiyo mpya.

Katika nchi ya Ufaransa mfalme Francis wa Kwanza alianza kujenga jumba la Chambord mwaka 1519. Jumba hilo lina vyumba zaidi ya mia nne. Katikati yake pana ngazi ya mawe ya ajabu: ni ngazi mbili zilizosokotwa pamoja, hata mtu anayepanda kwa moja na mtu anayeshuka kwa nyingine hawakutani njiani. Lakini mfalme mwenyewe alikaa humo siku chache tu katika maisha yake yote, maana alijenga kwa ajili ya kuwinda na kwa kuonyesha ukuu wake.

Mwamko huo ulifika hata pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome katika kisiwa cha Mombasa, wakaiita Ngome ya Yesu. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, mjenzi wa Kiitalia aliyemtumikia mfalme Filipo, aliyekuwa mfalme wa Hispania na Ureno pamoja. Watu wa zamani zake waliamini kwamba kipimo kilicho kamili chaonekana katika mwili wa mwanadamu. Kwa hiyo ngome ile, ikitazamwa kutoka juu, ina umbo kama la mtu aliyelala, kichwa chake kikielekea baharini. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nyingine zimechongwa katika mwamba wenyewe. Pembeni zimetokeza minara minene yenye ncha, ili askari wa mnara mmoja aweze kumpiga adui anayeukaribia mnara wa pili. Hapana mahali ukutani ambapo adui angeweza kujificha.

Hata hivyo ngome ile ilitekwa. Tarehe 13 Machi 1696 Waarabu wa Oman waliizingira. Waliokuwamo hawakushindwa na mizinga. Walishindwa na maradhi na njaa. Wareno wakafa mmoja mmoja, hata ikawa wakati mmoja aliyeishika ngome ni Bwana Daud wa Faza pamoja na Waswahili wenzake. Msaada ulikuja kwa merikebu, walakini haukutosha. Tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi thelathini na mitatu, Waarabu waliingia, wakakuta watu wachache sana walio hai. Tangu mwaka 1895 mpaka 1958 Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza, kisha ikawa nyumba ya makumbusho, na mwaka 2011 ikaandikwa katika hesabu ya urithi wa dunia.

Basi hizo ni nyumba za mawe. Wafalme wa Karagwe hawakujenga kwa mawe. Walijenga kwa miti, matete na nyasi. Je, kwa sababu hiyo hawakuwa na ustadi? Habari zifuatazo zitajibu.

3. Jinsi Kikale Kilivyopangwa

Kikale hakikuwa nyumba moja. Kilikuwa kama mji mdogo uliozungushiwa ua, na ndani ya ua mkubwa mlikuwa na nyua nyingine, moja ndani ya nyingine. Mgeni aliyeingia katika lango la kwanza hakuwa bado amefika kwa mfalme. Ilimpasa kupita ua baada ya ua, na katika kila ua palikuwa na nyumba zenye kazi yake. Karibu na mlango palikuwa na baraza iliyojengwa na Waarabu kwa desturi yao, ambamo Mukama alikata mashauri ya watu wote. Mbele zaidi palikuwa na nyumba za watumishi na za jamaa. Mwisho, katikati kabisa, palikuwa na nyumba ya Mukama mwenyewe.

Mpango huo ulikuwa na maana. Mnara wa ngome ya Mombasa ulijengwa ili kuzuia risasi. Ua wa kikale ulijengwa ili kupima watu. Kila mtu alijua mpaka wake: huyu asimame langoni, huyu aingie ua wa pili, na yule, ambaye ni mkuu au jamaa, aende mpaka penye mlango wa nyumba ya ndani. Aliyepita mpaka wake bila kuitwa alikuwa amevunja heshima. Ua wa matete ungeweza kuvunjwa na ng'ombe mmoja mwenye hasira. Lakini watu waliuheshimu kuliko ukuta.

Mahali penyewe palichaguliwa vema. Kikale kilikuwa juu ya bega la kilima, na mbele yake chini lilikuwapo ziwa dogo. Kutoka pale Mukama aliweza kuona makundi ya ng'ombe wake wa pembe ndefu yakishuka kunywa maji, na kuona moshi wa vijiji, na kuona mapema wageni wanaokuja, kama ni wa amani au wa vita.

4. Jinsi Nyumba ya Msonge Ilivyojengwa

Nyumba za kikale zilikuwa za msonge, na nyumba ya msonge ni kazi ya akili. Wajenzi huanza kwa kusimamisha kijiti katikati ya kiwanja, na kwa kamba iliyofungwa pale huzungusha duara juu ya udongo. Hapana pembe katika nyumba hiyo. Upepo ukivuma juu ya kilima huteleza pande zote, wala haupati mahali pa kushika na kung'oa.

Kisha husimamisha nguzo za ndani, ndizo zinazobeba uzito. Juu yake hufunga fito ndefu zinazoinama na kukutana kileleni, na fito hizo huzungushiwa pete za matete, pete kubwa chini na ndogo juu, mfano wa kikapu kilichofunikwa. Hapana msumari hata mmoja. Kila kitu hufungwa kwa kamba. Nyumba yote ni kama kitu kilichofumwa, na kwa hiyo ikitikiswa na dhoruba hupinda kidogo, kisha hurudi mahali pake. Ukuta wa mawe hauwezi kufanya hivyo, ukitikiswa hupasuka.

Mwisho huja kazi ya kuezeka. Waezekaji huanza chini karibu na ardhi na kupanda juu, kila safu ya nyasi ikiilalia safu ya chini yake. Mvua ikinyesha, maji hutoka safu hata safu mpaka yafike chini, wala hayaingii. Nyasi hushuka mpaka kugusa udongo, hata paa na ukuta huwa ni kitu kimoja. Juu ya mlango huachwa ukumbi mdogo wenye tao, ambapo mwenye nyumba aweza kuketi kivulini.

Ndani, viambaza vya matete hugawanya mahali pa kulala, mahali pa moto na mahali pa wageni. Sakafu hutandikwa majani makavu, mapya kila mara. Moto ukiwaka, moshi hupanda na kupenya katika nyasi. Nao huzikausha nyasi na kuwafukuza wadudu wanaokula fito. Kwa hiyo nyumba inayokaliwa hudumu miaka mingi, lakini nyumba iliyoachwa huoza upesi. Nyumba ya msonge yataka watu. Ikikosa watu hufa.

5. Ngoma na Ndugu Watatu

Mukama aliyetawala kabla ya katikati ya karne ya 19 aliitwa Ndagara. Masimulizi ya Karagwe humsifu kwa ufundi wa chuma. Katika nchi zile uhunzi haukuwa kazi ya watu wanyonge. Nyundo na fuawe vilikuwa alama za ufalme, kwa kuwa mhunzi hugeuza udongo wa mlimani kuwa jembe na mkuki, na mfalme naye yapasa augeuze wingi wa watu kuwa taifa moja.

Ndagara alipokufa, wanawe watatu waliutaka ufalme: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Speke, msafiri Mwingereza, aliambiwa habari za namna shauri lilivyokatwa. Wakuu wa nchi waliweka mbele ya ndugu hao ngoma ndogo. Kwa mkono ngoma ile ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini ilikuwa imetiwa dawa, na iliaminiwa kwamba asiye haki hawezi kuinua. Wawili wakajaribu wasiweze. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo.

Mtu wa leo aweza kuicheka hadithi hiyo. Lakini na atazame maana yake: wakuu walitaka shauri limalizike mbele ya macho ya watu wote, ili pasiwe na vita. Nnanaji alikubali, akakaa na ndugu yake kama mganga na mshauri. Rogero hakukubali. Akakimbia, akakusanya watu, akaanza kupigana. Rumanyika akasaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekaa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, na nchi ikatulia. Hata hivyo uadui wa Rogero haukwisha. Ufa ulikuwa umeonekana katika nyumba ya Wahinda, ingawa ulikuwa mdogo.

6. Wageni Wafika

Tarehe 25 Novemba 1861 John Speke na mwenzake James Grant walifika Bweranyange wakitoka Tabora. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nili. Njiani, katika nchi nyingine, walikuwa wamenyang'anywa vitu vingi kwa hongo. Walipoingia Karagwe wakakutana na watumishi wa Mukama, wakaambiwa kwamba katika nchi hii mgeni hatozwi hongo, na tena chakula chake ni juu ya mfalme.

Walipofika mbele ya lango wapagazi wakatua mizigo, wakapiga bunduki kwa heshima. Mara wakaitwa ndani. Wakamkuta Rumanyika na ndugu yake Nnanaji wameketi ukumbini, na nyuma yao wana wa mfalme wamekaa kimya. Rumanyika alivaa joho jeusi la Kiarabu, na miguuni ushanga wa rangi nyingi, na mikononi vikuku vya shaba. Akawasalimu kwa Kiswahili kizuri. Wageni wakastaajabu, kwa maana hawakutazamia kuisikia lugha ya pwani ikisemwa vema hivyo na mfalme wa bara.

Kisha akawauliza wameionaje Karagwe, kwa kuwa yeye alidhani milima yake ni mizuri kuliko yote duniani. Na ziwa je, hawakulipenda? Speke alilipenda sana, hata akaliita Windermere Ndogo, kwa jina la ziwa la kwao Uingereza. Mukama akataka kujua jinsi watu wanavyopata njia katika dunia kubwa. Wakakaa siku nyingi wakizungumza habari za nchi kavu na bahari, na ukubwa wa merikebu, na mwendo wa jua.

Speke aliingizwa mpaka nyumba ya ndani. Akaona nguzo zake zimepambwa kwa mikuki mingi, mingine ya chuma yenye mipini ya miti, mingine ya shaba yenye mipini ya chuma, yote ya kazi safi. Kiambaza cha ukindu uliosukwa kwa mapambo kiligawanya chumba, na ukutani palikuwa na mifano midogo ya ng'ombe ya chuma. Speke akaandika kwamba ng'ombe wale walifanywa na Waarabu wa Kafuro, kituo cha biashara kilichokuwa karibu. Wataalamu wa siku za baadaye wametambua kuwa vitu vya namna hiyo ni kazi ya wahunzi wa nchi yenyewe. Hivyo ndivyo mgeni awezavyo kuona kitu kwa macho yake, wala asijue ni nani aliyekifanya.

Mwezi mwandamo ulipoonekana, Speke aliona sherehe. Ngoma thelathini na tano zilipangwa mbele ya lango la kwanza. Mukama akaketi mlangoni pa nyumba kuu, amevaa taji ya ushanga yenye manyoya mekundu. Wakuu wakaja mbele mmoja mmoja, wakala kiapo cha kumtii. Kila mwezi kiapo hicho kilifanywa upya, kama vile nyasi za paa zinavyofanywa upya.

Mwezi wa Januari 1862 Speke akaenda Buganda. Grant hakuweza kwenda, maana mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya. Akabaki katika ulinzi wa Rumanyika mpaka mwezi wa Aprili. Mgeni mgonjwa, peke yake, mwenye mali, alikaa miezi mitatu penye ua wa matete, wala hakuguswa. Huo ndio uliokuwa ukuta wa kikale: neno la mwenye nyumba.

7. Nyumba ya Hazina

Mwaka 1876 Henry Stanley akafika Karagwe. Akamkuta Rumanyika ni mzee, mrefu sana, mwenye sauti ya upole. Siku moja wakafanya mashindano ziwani: mashua ya Stanley, jina lake Lady Alice, ikashindana na mitumbwi ya Karagwe, na mfalme akatazama kwa furaha.

Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina, naye akaweka picha yake katika kitabu chake. Ilikuwa ya msonge, ya mviringo, imeezekwa kwa nyasi. Ndani yake aliona bata kumi na sita wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na mifano kumi ya pofu, na ng'ombe kumi wa shaba wasio na vichwa. Aliona na mikuki yenye ncha mbili, na visu vikubwa vikali, na ngoma, na bunduki aliyoitoa Speke kuwa zawadi.

Vitu hivyo havikuwa vya kununua wala vya kuuza. Vilikuwa kama kitabu cha ufalme. Ng'ombe wa shaba na wa chuma walikumbusha mali ya nchi. Nyundo ilikumbusha kazi. Mkuki ulikumbusha ulinzi. Ngoma ilikumbusha jinsi mfalme alivyochaguliwa. Mfalme mmoja alipokufa, mwenzake alivipokea. Katika falme nyingi za nchi hizi za maziwa makuu nyumba zenyewe hazikurithiwa, kwa kuwa mfalme mpya alijijengea zake. Kwa hiyo nyasi zilipita, bali vitu vya hazina vilibaki. Wafalme wa Ulaya waliweka kumbukumbu zao katika mawe ya kuta. Wahinda waliziweka katika chuma na shaba.

8. Jinsi Kikale Kilivyoanguka

Hapana adui aliyekuja na mizinga Bweranyange. Kikale kilianguka kwa ndani.

Rumanyika alipokufa hapakuwa na shauri lililokubaliwa na wote. Wana wa nyumba ya kifalme wakagombana, na damu ya ndugu ikamwagika. Ule ufa wa siku za Rogero ukawa pengo. Wakuu wenye akili waliuawa au walikimbia, na waliobaki waliogopana. Mwaka 1889 Stanley alipita tena Karagwe pamoja na Emin Pasha; nchi iliyokuwa na nguvu siku za Rumanyika sasa ilikuwa dhaifu, na jirani zake waliifahamu hali yake.

Kisha mapigo yakafuatana. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulienea katika Afrika ya Mashariki, ukaua ng'ombe kwa maelfu. Mwaka 1890 Wajerumani walijenga kituo chao Bukoba, na nguvu za kukata mashauri zikahama kutoka kilimani kwenda ziwani. Mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, Wajerumani waliondolewa, wakaja Waingereza. Wafalme wakawa machifu chini ya serikali ya wageni, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikauondoa utawala wa machifu.

Nyumba za Bweranyange zikakosa watu wa kuziezeka upya. Na nyumba ya msonge, kama ilivyosemwa, ikikosa watu hufa. Moto ulipozimika, wadudu wakala fito, mvua ikaingia, nguzo zikaanguka, majani yakaota. Vitu vya hazina navyo vikapungua. Baadhi ya kazi za wahunzi wa Karagwe zimo leo katika nyumba za makumbusho za mbali, ambako mtazamaji huona ng'ombe wa chuma nyuma ya kioo, wala hajui kilima alikotoka.

9. Mafundisho

Ngome ya Mombasa na kikale cha Bweranyange hazifanani hata kidogo kwa sura. Moja ni ya mawe, na hata leo mtu aweza kuigusa kwa mkono. Nyingine ilikuwa ya nyasi, na haipo. Lakini mwisho wake ni mmoja. Kuta za Cairati hazikuvunjwa, lakini waliokuwa ndani yake walikwisha. Nyua za Rumanyika hazikuvunjwa na jeshi, lakini waliokuwa ndani yake hawakupatana. Nyumba yoyote hushikwa na watu wanaokaa ndani yake.

Hata sasa kuna kazi inayoweza kufanywa. Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa wako bado wazee wanaojua namna ya kuchora duara kwa kamba, na kufunga pete za matete, na kuezeka safu juu ya safu. Wanajua majina ya nyua, na ya wafalme, na ya vilima. Maarifa hayo hayakuandikwa yote katika vitabu vya wasafiri, kwa kuwa wasafiri hawakuwa na nafasi ya kuuliza mengi. Mzee akifa bila kuulizwa, ni kama nyumba ya hazina iliyoanguka. Mtoto akimwuliza, akayaandika majibu yake kwa uaminifu, ameinua nguzo moja ya Bweranyange.

Maswali

1. Mto gani huzunguka nchi ya Karagwe, na ni upande gani?
2. Kwa nini nyumba ya msonge haing'olewi na upepo upesi?
3. Moshi wa moto una faida gani kwa paa la nyasi?
4. Eleza tofauti ya kazi ya ukuta wa ngome ya Mombasa na kazi ya ua wa kikale.
5. Wakuu wa Karagwe walitaka nini walipoweka ngoma mbele ya ndugu watatu? Je, walikipata?
6. Speke alikosea jambo gani juu ya ng'ombe wa chuma? Kosa hilo lafundisha nini?
7. Mwulize mzee mmoja wa kijijini kwenu jinsi nyumba ya msonge ilivyojengwa, kisha uandike majibu yake, na jina la kila sehemu ya nyumba.